Baiskeli kwenye mizabibu ya Ufaransa: wapi hakuna magari kabisa?

MwendaPole:
Wakuu, habari za leo. Septemba ijayo mimi na mama watoto tuna siku tano Ufaransa, na tunataka kuzimaliza juu ya baiskeli katikati ya mashamba ya mizabibu. Mimi ni mwendeshaji wa siku nyingi. Yeye miaka mitatu iliyopita aliguswa begani na kioo cha lori. Hakuumia sana, ila tangu siku ile akisikia injini nyuma yake anashika breki, anashuka, anasimama pembeni mpaka gari lipite. Kwa hiyo msiniambie habari za "barabara zenye magari machache", nataka njia ambayo gari haliruhusiwi. Nimekodolea ramani mpaka macho yameuma. Kila pahala panaitwa njia ya mvinyo, ukichunguza unakuta ni barabara ya kawaida iliyobandikwa kibao chenye picha ya zabibu. Aliyefika huko atuambie ukweli. Kilomita 25 kwa siku zinatutosha, na milima hatuitaki.

Gia Ndogo:
Roger Lapébie, mkuu, usihangaike. Ni reli ya zamani iliyong'olewa ikatiwa lami, inatoka Latresne nje kidogo ya Bordeaux hadi Sauveterre-de-Guyenne, kama kilomita 50 hivi. Jina ni la yule aliyeshinda Tour de France ya 1937, mwaka ambao waendeshaji waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kutumia mashine ya kubadilisha gia. Pumzikeni Créon, stesheni ya zamani ya pale siku hizi inahudumia waendesha baiskeli. Kasoro yake ni miti. Imefunga pande zote mbili, kwa hiyo mizabibu mtaiona kwa kuchungulia. Ila jua likiwaka mtanishukuru.

Mzee wa Keria:
Gia Ndogo kasema kweli, lakini mwenzetu kaomba mizabibu, si kivuli. Nenda Bourgogne, upande wa kusini. Nimepita huko mara mbili, mara ya kwanza na mdogo wangu, mara ya pili peke yangu na hema nyuma.

Kwanza tutengue fumbo la ramani yako, maana shida iko kwenye majina. Wafaransa wana maneno mawili. *Véloroute* ni safari iliyowekewa vibao tu, inaweza kukutoa kwenye kijia ikakutupa barabarani pamoja na magari. *Voie verte* ni njia iliyotengwa, chombo cha injini hakiruhusiwi, na mlangoni pake kuna kibao cha mraba cha buluu chenye mtu wa miguu na baiskeli. Shemeji anahitaji hii ya pili. Ukikosa kuona kibao hicho, usimwambie shemeji tumefika.

Sasa, watu wengi watakupeleka Beaune, kwenye Voie des Vignes. Ni kilomita 22 hivi hadi Santenay, unapita Pommard, Volnay, Meursault, Puligny-Montrachet, majina ambayo wengine huyasoma kwenye chupa tu. Nzuri mno, siwezi kuidharau. Lakini vile ni vijia vya shamba, na shamba ni mahali pa kazi. Septemba ndiyo mavuno. Kuna matrekta yenye miguu mirefu, yanapita juu ya mstari wa mizabibu kama mtu anayeruka mtaro, na yakitoka shambani yanashuka kwenye njia hiyohiyo yako. Karibu na Volnay nilikutana na moja pahala ambapo upande huu ni ukuta wa mawe, upande huu mizabibu. Dereva akaliona baiskeli langu limelemewa na mizigo, akazima injini kabisa, akanipungia nipite. Nikapita chini ya kivuli cha tairi lake, tope la shamba linadondoka mapande mapande. Muungwana kweli. Lakini kwa hali ya shemeji, lile trekta lingemaliza safari palepale.

Ndiyo maana nakwambia uanzie Chalon-sur-Saône, si Beaune. Kutoka Chalon unafika Givry, na kutoka Givry hadi Cluny kuna kilomita 44 za reli ya zamani. Kipande hicho kilifunguliwa 1997 na ndicho voie verte ya kwanza Ufaransa. Treni haikupenda milima, kwa hiyo hata wewe hutakutana nayo. Mteremko na mwinuko unausikia kwenye mapaja kabla ya kuuona kwa macho. Barabara ya magari, D981, inakwenda sambamba nawe, mara nyingi huioni wala huisikii.

Nisikufiche kitu: mizabibu haikufuati njia nzima. Kuanzia Givry hadi Buxy unayo mkononi, mistari inapanda kilima upande wako wa kulia hadi karibu na msitu. Ukishapita Saint-Gengoux-le-National inapungua, wanaingia ng'ombe weupe wa Charolais, wakubwa, wanakutazama kama una deni lao. Mimi nilipapenda kuliko hata mizabibu. Unapita Cormatin penye kasri, kisha Taizé kuna ile jumuiya ya watawa, utasikia kengele kutoka kilimani. Halafu Cluny. Abasia yake ilianzishwa 910, kanisa lake lilikuwa kubwa kuliko yote ya Kikristo mpaka St Petro ya Roma ilipojengwa upya. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa likageuzwa machimbo ya mawe, leo imebaki sehemu ndogo tu. Lakini simama chini ya mnara uliobaki uone shingo itakavyouma.

Mizabibu inarudi baada ya Cluny, na hapo kuna handaki la Bois Clair. Mita 1,600 ndani ya mlima. Mtoe shemeji wasiwasi, ni la baiskeli na watembea kwa miguu tu. Mimi niliingia na fulana, nje joto la kukausha koo. Hatua hamsini tu ndani, ubaridi ukanishika kama nimefungua friji, na sauti ya cheni yangu ikawa inanirudia kutoka mbele, nikadhani kuna mwenzangu anakuja. Nikapiga kengele. Kengele ikanijibu. Nilikwenda hivyo nikijisalimia mwenyewe mpaka mwanga wa upande wa pili ulipotokea, mdogo kama tundu la ufunguo. Vaeni koti na muwe na taa. Ukitoka, ni kushuka tu kuelekea Charnay-lès-Mâcon, mizabibu pande zote, na upande wa magharibi lile jabali la Solutré limechongoka kama meli inayotaka kuzama.

Tairi25:
Baiskeli ya mbio yenye tairi nyembamba itapita?

Mzee wa Keria:
Kwenye reli itapita, ni lami tupu. Angalia mizizi ya miti inapoinua lami.

Dada Spoku:
Naongeza yale ambayo wanaume huyasahau. Handaki analolisifia Mzee hufungwa majira ya baridi, popo wamelala humo. Septemba mko salama, ila mtu mwingine akisoma hapa asije akaenda Januari akakuta geti. Kipindi hicho unapanda juu ya mlima kwa barabara.

Maduka ya vijijini hufunga mchana, saa sita hadi saa nane, na Jumatatu mengine hayafunguki kabisa. Nunueni mkate asubuhi. Maji yakiisha tafuta makaburi, nisameheni, lakini makaburi ya Ufaransa karibu yote yana bomba kwa ajili ya maua. Soma kibao kwanza: kikisema *eau non potable*, yaani maji yasiyofaa kunywa, hayo mwachie marehemu.

Kuhusu kuonja mvinyo: kiwango cha pombe kwa mwenye baiskeli ni kilekile cha dereva, gramu 0.5 kwa lita ya damu, na faini inaanzia euro 135. Kwenye maonjo ya mvinyo huwa kuna ndoo ya kutemea. Tema. Hakuna atakayekucheka, wenye mvinyo wenyewe wanatema.

Na mkikodi baiskeli, pigeni breki palepale dukani mbele ya mwenyewe. Mimi nilipewa moja inang'aa, kengele mpya, kikapu kipya. Mteremko wa kwanza nikavuta breki ya nyuma, ikalia chuma kwa chuma. Raba zilikuwa zimeisha zamani. Nikashuka kilima chote kwa miguu, nimevaa viatu vya kuendeshea, natembea kama bata.

MwendaPole:
Asanteni sana wakuu. Nimemsomea mama watoto uzi wote. Handaki limemfurahisha, trekta halikumfurahisha, kwa hiyo Beaune tumeifuta. Ananiuliza mambo mawili: hiyo njia haikatizwi na barabara popote? Na tukifika Mâcon tunarudije Chalon?

Mzee wa Keria:
Inakatizwa, ndiyo. Kila penye barabara kuna vizuizi vya kukulazimisha upunguze mwendo, na mwenye gari ndiye anayepita kwanza. Shemeji ashuke, asukume hatua kumi, apande tena. Nyingi ni barabara za shamba, utasubiri gari mpaka uchoke.

Kipande cha kumwandaa ni cha mwisho. Voie verte inaishia Charnay, kutoka hapo hadi stesheni ni mitaa ya mji. Piteni Jumapili asubuhi, au mtembee mkizikokota. Na angalia tiketi: Mâcon ina stesheni mbili. Mâcon-Loché ni ya TGV, treni za kasi, iko nje ya mji. Wewe unataka Mâcon-Ville, upande TER, treni ya mkoa, kwenda Chalon, safari haifiki hata saa moja. Baiskeli zinaingia zilivyo bila kufunguliwa, ila ndoano za kuzitundika ni chache, kwa hiyo epuka treni za jioni watu wanaporudi kazini.

MwendaPole:
Jumapili asubuhi, basi. Amesema mikokoto ya mjini ataikubali, mradi keria yenye mizigo iwe yangu.