Usukani wa gari jipya: mlizoea vipi? Tupeane uzoefu

Mkazi wa Kayole
Habari zenu jamani. Wiki iliyopita niliagana na gari langu la miaka tisa, nikachukua dogo lenye usukani wa umeme. Lile la zamani lilikuwa na pawa ya mafuta, ile ya pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, na usukani wake ulikuwa mzito kidogo. Kona niliijua kwa uzito tu. Hili jipya halina uzito. Kutoka yadi ya Ngong Road hadi nyumbani nilikuwa kama mtu anayekoroga chai. Pale Mbagathi nilikata kona kwa nguvu zile zile nilizozoea, gari likaingia kabla sijamaliza kuwaza, bampa nusura isalimiane na ukingo wa barabara. Jirani niliyekuwa naye alishika mlango, hakusema neno mpaka tulipofika Outering.

Nikifika mwendo wa 80 usukani unakazana kidogo, nikipunguza unalegea. Nimeambiwa ndivyo ulivyoundwa, mota yake husaidia zaidi gari likienda polepole. Sawa, nimeelewa. Lakini mkono haujaambiwa. Ninyi mlizoea vipi, na mlijuaje kwamba shida ni mazoea na si gari?

Mama Wawili, Rongai
Pole ndugu yangu. Mimi usukani wenyewe haukunisumbua, vijiti vyake ndivyo vilivyoniaibisha. Nilitoka Toyota nikaingia gari la Kijerumani. Magari ya Japani yenye usukani wa kulia huweka indiketa kulia. Ya Ulaya huiweka kushoto, hata usukani ukiwa kulia kama wetu. Basi mwezi mzima nikitaka kukata kona pale Bomas, napangusa kioo. Jua la saa saba, waipa zinalia kavu. Makanga mmoja akatoa kichwa dirishani: "Mathe, kwani huko kwako kunanyesha?" Nikataka kumwonyesha kwamba najua ninakoenda, nikapangusa tena.

Nilichofanya ni kukaa ndani ya gari jioni, injini imezimwa, nasema "kulia, kushoto" huku nikigusa kijiti. Watoto walinicheka mpaka wakachoka.

Mzee wa 504
Mnalalamikia wepesi? Peugeot 504 yangu haikuwa na pawa. Kuegesha karibu na Marikiti ilikuwa kazi ya mabega, ukitoka hapo umelowa jasho. Siri ilikuwa moja: usizungushe usukani gari likiwa limesimama. Liache lisogee, hata kwa mwendo wa kobe, ndipo uzungushe. Tairi likibiringika usukani unalainika. Hata hizi zenu za umeme nawasihi mzitendee hivyo, maana ukizungusha gari limesimama unasaga tairi na kuitesa mota bure.

Siku hizi naendesha la binti yangu. Siku ya kwanza nililishika kama 504, nikaingia kwenye ua wa kayaba wa jirani. Mikwaruzo ipo mpaka leo. Nililazimika kuacha ule mtindo wa mkono mmoja juu ya usukani, mwingine dirishani. Sasa mikono yote miwili, mmoja kila ubavu, viwiko vimekunjwa, nazungusha kwa vidole na kiganja. Bega halina kazi tena humo, na kulistaafisha kulinichukua majuma matatu.

Fundi Nusu
Mzee, heshima zako. Ila tusimwambie huyu ndugu "utazoea" kwa kila kitu, maana mimi nilizoea ugonjwa. Gari lilikuwa likivuta kushoto, nikajiambia ndivyo lilivyo, nikawa nalirudisha kulia bila hata kujua kwamba nalirudisha. Miezi miwili! Kijana anayeosha magari ndiye aliyeniambia, "Boss, hii tairi imeisha ndani." Nikainama, nikapitisha mkono. Nje mifereji ilikuwa mizima, ndani laini kama kipara.

Nikaenda kwa fundi Kirinyaga Road. Hakushika spana, alipima upepo kwanza. Tairi la mbele kushoto 24, la kulia 38, na kibandiko cha kwenye fremu ya mlango wa dereva kinasema 33. Tukasawazisha. Kisha akainua gari kwa jeki, akalishika tairi huku na huku, akalitikisa: tok, tok. Tairodi endi, kile kiungo cha fimbo inayogeuza tairi, imelegea. Tukabadilisha, nikalipeleka alaimenti, yaani kunyooshwa tairi, gari likanyooka kama rula.

Kumbuka barabara nyingi zimeinamishwa kando ili maji yatoke, kwa hiyo gari kuteleza taratibu kuelekea kushoto si lazima liwe bovu. Jaribu mahali tambarare. Likiendelea kuvuta, au ukitoka kwenye kona usukani haujirudishi katikati, au unatetemeka, au gari linakwenda sawa huku nembo ya usukani imekaa upande, hayo hayazoeleki. Nenda kwa fundi.

Dereva wa Zamu
Mimi hubadilishiwa gari karibu kila wiki. Kwanza kiti: mgongo umeegemea, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani bila kuvuta bega. Halafu macho mbali. Anayetazama boneti atahangaika na usukani kila mita tano.

Binti wa Syokimau
Langu lilikuwa linapigana nami. Niko Expressway, nahama leni, usukani unanirudisha. Nikasema leo nimeuziwa gari lenye mashetani. Kumbe ni kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele. Inasoma mistari ya barabara, na ukiuvuka mstari bila indiketa, mota ya usukani inakusukuma urudi. Ukiwasha indiketa inakuachia. Kuizima kunawezekana, lakini skrini yote ilikuwa Kijapani, ikabidi nipige picha simu initafsirie. Nilipopata mahali pa kuizima, nikaiacha. Imenifunza kuwasha indiketa, jambo lililomshinda mume wangu miaka sita. Mtaani kwetu hainisumbui kwa sababu hakuna mistari ya kusoma.

Mkazi wa Kayole
Asanteni sana. Fundi Nusu, nimepima upepo: 44 zote nne, na kibandiko kinasema 32. Naambiwa tairi likijazwa kupita kiasi usukani huzidi kuwa mwepesi. Nimeshusha, na nusu ya wasiwasi wangu imekwenda na ule upepo. Mzee, mikono nimeigawa kila ubavu kama ulivyosema.

Sasa leo asubuhi nimeazima pikapu kuukuu ya kaka yangu nibebe simiti. Nikatoka getini nikizungusha kwa vidole viwili, kama nilivyozoea juma hili. Pikapu ikaenda moja kwa moja. Kaka alikuwa amesimama pale pale na kikombe chake cha chai, na anauliza taa ya mbele italipwa na nani.