Fikasi ya mapambo: lyrata, benjamina au elastika?

Mgeni_Bunju: Wakuu, habari za humu. Nimehamia nyumba mpya. Sebule ina dirisha moja kubwa la mashariki, na nje kutoka ukuta wa nyumba hadi geti ni mita nne hivi. Kitaluni nimeonyeshwa fikasi tatu: lyrata yenye majani mapana kama gitaa, benjamina ya majani madogo, na elastika, ule mti wa mpira. Nataka moja ya ndani, moja ya nje. Nichukue zipi?

Mama Vyungu: Ndani lyrata, ila ujue inadeka. Yangu ina mwaka wa tano. Mwanzoni nilikuwa naihamisha kila nikifagia, majani ya chini yakaota madoa ya kahawia na kudondoka. Nilipoiacha hatua moja kutoka dirishani, ikatulia. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole kwenye udongo. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini ya chungu. Kikitoka na tope, achana nayo. Jani hufika hata sentimita 45, basi vumbi lake ni la kufuta kwa kitambaa kibichi.

Fundi Bomba: Nje usithubutu benjamina. Niliitwa nyumba moja choo kinarudisha maji. Tukafukua, tukavuta kutoka kwenye bomba la inchi nne mzizi wenye nyuzi kama mkia wa farasi, mrefu kuliko mkono wangu. Mti wenyewe ulikuwa haujapita paa!

Kijani254: Benjamina mnaionea bure. Kwenye chungu unainyoa unavyotaka, na miche mitatu michanga unaweza kuisuka shina kama nywele. Kasoro yake ni kununa: ukiihamisha inapukutisha majani, halafu inachipua upya.

Mgeni_Bunju: Basi nje niweke elastika?

Mzee wa Miche: Kijana, kule Meghalaya, India, Wakhasi huelekeza mizizi ya elastika ivuke mto mpaka iwe daraja la kupita watu. Wewe unataka kuipa msingi wa nyumba yako? Hata hiyo lyrata ni ya misitu ya Afrika Magharibi, Sierra Leone hadi Kameruni. Huko huweza kuota juu ya mti mwingine, ikashusha mizizi na kumnyonga mwenyeji wake. Zote tatu ukiziachia ardhi ni majitu. Mita nne panda mkomamanga.

Mama Vyungu: Na kama una watoto, utomvu ule mweupe wa fikasi hizi unawasha ngozi. Ukikata tawi vaa glavu.

Mgeni_Bunju: Nimewaelewa, lyrata ndani, nje mkomamanga. Ila lyrata ya kimo changu bei yake imenitoa jasho.

Mama Vyungu: Chukua ya magotini, inazoea haraka. Ila geuza majani kwanza uangalie chini. Ukiona vitu vyeupe kama pamba, irudishe hapo hapo.