Mtutu mpya kwenye Glock 19: tubadilishe au tuuache wa kiwandani?

Shangani_MT: Wakuu, salaam. Bastola ni Glock 19 ya kizazi cha 3, ya leseni, ya ulinzi wa duka. Kwenye mita 15 matundu yanatapakaa upana wa sahani. Nafikiria njia tatu: kubaki na mtutu wa kiwandani, kununua wa chuma cha pua unaoingia bila kuchongwa, au ule wa mashindano unaokuja mnene kidogo, fundi akausaga taratibu mpaka ukae. Upi una faida?

Mikindani_Pwani: Mkuu, yasome matundu kwanza. Yakikusanyika pamoja lakini chini kushoto, na mpigaji anatumia mkono wa kulia, hilo ni kosa la kidole kwenye kifyatulio. Mtutu mbovu hutawanya pande zote. Ukiona tundu refu kama la ufunguo, kichwa cha risasi kinafika kimelala ubavu, na hapo ndipo mtutu unashukiwa kweli. Laza mikono juu ya mfuko wa mchanga, piga tano tano, aina mbili za risasi. Mara nyingi kubadilisha aina ya risasi kunabana matundu kuliko mtutu wowote wa bei.

Fundi_Chikongola: Naongezea kuhusu chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Mtutu wa kiwandani una chemba yenye nafasi kidogo, makusudi, ili risasi yenye vumbi au ganda lililovimba liingie tu. Ule wa mashindano chemba yake imebana. Shabaha inapata faida, lakini risasi isiyo sawa inasimama njiani, slaidi, kile kipande cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, inabaki wazi milimita mbili tatu na bastola haipigi. Kwa bastola ya ulinzi, hilo silikubali hata kidogo.

Jaribio lake: toa magazini, hakikisha chemba tupu, fungua bastola, mtutu uutoe kabisa. Dondosha risasi kwenye chemba kwa uzito wake. Isikike "tk", izunguke kwa kidole bila kukwama, ukigeuza mtutu itoke yenyewe. Ikigoma, usiisukume.

Ng'apa_Lindi: Kaka Fundi, na huo unaoingia bila kuchongwa?

Fundi_Chikongola: Huo unakaa katikati, na faida yake ni ndogo. Shabaha inatoka pale mtutu unaporudi mahali palepale kila slaidi inapofunga, na kipande kisichochongwa hakibani kuliko cha kiwandani kwa kiasi cha kuonekana. Tuseme kwenye mita 25 matundu yameshuka kutoka sentimita 8 hadi 5. Kwa mita 10 hiyo ni tofauti ya milimita 12 hivi, na mkono wa binadamu unaimeza yote. Sababu moja ya kweli ya kuununua ni kwa anayepiga vichwa vya madini ya risasi visivyovikwa shaba: ndani ya mtutu wa Glock kuna pembe za mviringo badala ya mifereji iliyokatwa, na kampuni yenyewe inavikataza vichwa hivyo.

Mikindani_Pwani: Kuna hali moja ambayo haina mjadala. Ukimulika tochi ndani ukaona kivuli cha pete, risasi ilishawahi kukwama na nyingine ikaifuata. Chuma kimevimba. Badilisha, usipige hata moja.

Ng'apa_Lindi: Msisahau makaratasi. Namba ya Glock imeandikwa kwenye fremu (kiunzi cha chini chenye mshiko), slaidi na mtutu. Mtutu wa kampuni nyingine hautalingana. Anzeni kwa polisi waliotoa leseni kabla ya kulipa shilingi.

Shangani_MT: Ndani hakuna pete wala tundu refu. Springi haijawahi kuguswa, na mtutu una madoa ya kutu karibu na mdomo.

Fundi_Chikongola: Basi springi ya kurudisha slaidi ndiyo ya kununua; wengi huibadilisha kila risasi 5,000 hivi. Ikichoka, slaidi inarudi kivivu na haifungi imara. Kutu ni chumvi ya bahari, na chuma cha pua hakitakuokoa, kinashikwa pia na vishimo. Piga brashi ya shaba kutokea upande wa chemba, kamwe si mdomoni, maana ukikwaruza ukingo wa mdomo risasi inatoka imeyumba. Kisha kitambaa kikavu, halafu kingine chenye mafuta kidogo mno.

Shangani_MT: Inalala kwenye mfuko wa ngozi.

Fundi_Chikongola: Itoe humo leo. Ngozi inanyonya unyevu wa upepo wa kusi na kuubana kwenye chuma usiku kucha.