Buibui anayelinda mayai: tupeane uzoefu

Mwana Ujiji: Leo napalilia, nikakuta buibui wa kijani kwenye mbaazi amekumbatia kifuko cha mayai. Nikamkumbuka yule wa mwaka juzi. Alikaa karibu mwezi, habanduki. Mvua ya Kigoma ikishuka na upepo wa ziwani mnaijua. Asubuhi namkuta palepale, tumbo limesinyaa. Siku mbaya ni ile sisimizi walipopanda, msururu mzima. Nikasema kwisha habari yake. Kumbe anakata nyuzi moja moja! Kifuko kikabaki kinaning'inia kwa uzi, sisimizi wakakosa njia. Chai iliungua jikoni nimesimama nashangaa.

Bibi Mchikichi: Kweli kabisa. Wangu alikichana kifuko mwenyewe, vitoto vikatoka.

Kijana wa Ng'ambo: Yaani mnafuga buibui? Sisi Tabora ni fagio tu.

Bibi Mchikichi: Fagio la nini, mjukuu? Anakula wadudu wanaokumalizia maharage.

Kijana wa Ng'ambo: Na nyuki je? Nina mizinga mimi, bibi.

Bibi Mchikichi: Buibui mmoja akumalizie mzinga? Haya.

Mpangaji: Hamjaona kitu. Nilipanga chumba Mwanga. Usiku umeme umekatika, namulika kwa simu, buibui huyo ukutani! Nikamtwanga kandambili. Mgongo ukasambaa. Kumbe alibeba watoto, wakatimka kila upande mpaka ndani ya chandarua. Nilipiga yowe, mwenye nyumba akaja na panga, amejifunga msuli tu. Siku tatu nililala kwa jirani.

Kijana wa Ng'ambo: Na msuli ulisalimika?

Mpangaji: Usinikumbushe.

Fundi Baiskeli: Mwaga mafuta ya taa kwenye kona.

Bibi Mchikichi: Uchome nyumba ya watu! Mfunike na glasi, pitisha karatasi chini, mtoe nje.

Fundi Baiskeli: Au hama.

Mwana Ujiji: Jamani, turudi kwenye mbaazi. Yule wa milia ya njano mwenye utando mkubwa, kwenu analinda? Wangu alikufa mayai hayajaanguliwa.

Bibi Mchikichi: Yule akishafunga kifuko, siku zake zimekwisha. Usimlaumu.

Kijana wa Ng'ambo: Na huyo wa leo bado yupo?

Mwana Ujiji: Yupo. Kuku nimewafungia bandani, mke wangu ananuna.