Naomba ushauri: mstari mwembamba kwenye 1420 MHz haung'oki

Wakuu, habari. Nahitaji msaada wa kipokezi cha masafa ya hidrojeni (mawimbi ya redio yanayotolewa na hidrojeni ya angani), 1420.405 MHz, yale aliyoanza nayo mwanaastronomia Frank Drake mwaka 1960 akitafuta viumbe wa mbali. Dishi ni la mita 1. Mahali dishi linapokusanya mawimbi kuna kopo la bati la kipenyo cha sm 15, ndani yake waya wa shaba wa sm 5, kisha amplifaya, chujio, RTL-SDR (kipokezi kidogo cha redio cha USB) na laptopu.

Kwenye grafu ya masafa kuna mstari mwembamba usiotoweka. Sidhani kama ni wa angani: dishi hili linaona kama digrii 15 za anga kwa wakati mmoja, na dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, hivyo cha angani kingepanda na kushuka ndani ya saa moja hivi. Huu unakaa palepale mchana na usiku, hata dishi likielekezwa ardhini. Antena ikitolewa na kuwekwa mahali pake kizuizi cha omu 50, kisichopokea mawimbi, unapotea. Umeme wa nyumba ukizimwa, laptopu ikiwa kwenye betri, bado upo.

Nashuku laptopu yenyewe au kebo ya USB. Nianze na vipete vya feraiti (vya kuzuia kelele za redio) kwenye kebo, au niisogeze laptopu mita 10 kwanza? Na waya wa ardhi kwenye kopo unasaidia kweli, au unaongeza kelele?