Mkojo wa wanaanga, jasi na maji ya kunywa: naomba hesabu na jaribio la Nanenane

Mwalimu_Kemia_Lindi

Wakuu, habari za jioni. Klabu ya sayansi ya shule yetu hapa Lindi inaandaa meza ya maonesho ya Nanenane pale Ngongo. Wanafunzi wamechagua Kituo cha Kimataifa cha Anga, hasa namna watu 7 wanavyoishi kule miezi sita kwa maji yale yale yanayozunguka.

Naomba msaada. Watu 7 kwa siku 180 wanatumia maji na oksijeni kiasi gani, na kiasi gani kinarudi? Halafu nimesoma kwamba mtambo wa kusafisha mkojo uliwahi kuziba kwa jasi. Jasi ninayoijua mimi ni ile inayochimbwa Kilwa kwa ajili ya viwanda vya saruji. Kwenye mkojo inaingiaje? Na je, kuna jaribio la maabara ya sekondari linaloweza kumwonesha mtu jambo hilo ndani ya dakika tano akiwa amesimama mezani?

Shangani_Mtwara

Mwalimu, nianze na hesabu.

Mtu mmoja hukadiriwa lita 3.8 za maji kwa siku, za kunywa, kulowesha chakula kikavu na kujifuta mwili. Kuoga kwa kujimwagia hakuna, na nguo hazifuliwi. Zikichoka hufungwa pamoja na taka kwenye chombo cha mizigo kinachoteketea kikiingia kwenye hewa ya dunia. Kwa hiyo 3.8 × 7 × 180 = lita 4,788.

Hapo ndipo meza yenu inapoweza kusema yenyewe. Wekeni simtanki la lita 5,000, na pembeni yake ndoo tano za lita 20. Simtanki ni maji yanayotumika. Ndoo ni maji yanayopotea, kwa sababu mwaka 2023 NASA ilitangaza kwamba upande wa Marekani wa kituo umefikia kurudisha asilimia 98. Asilimia 2 ya 4,788 ni lita 96 hivi. Kabla ya hapo walikuwa kwenye asilimia 93 hadi 94, yaani ndoo kama 15. Tofauti hiyo ililetwa na kifaa kimoja tu kinachokamua maji kwenye masalia ya mkojo, yaani uchafu mzito unaobaki mkojo ukishasafishwa. Masalia yanatiwa kwenye mfuko wa utando unaopitisha mvuke peke yake, hewa kavu ya uvuguvugu inapulizwa juu yake, mvuke unaingia kwenye hewa ya chumba, na mashine za kupoza hewa zinaudaka kama zinavyodaka jasho na pumzi.

Oksijeni: mtu mmoja anavuta kilo 0.84 kwa siku. Kwa watu 7 na siku 180 ni kilo 1,058. Inatokana na kupasua maji kwa umeme, na kila kilo 9 za maji hutoa kilo 8 za oksijeni na kilo 1 ya haidrojeni. Kwa hiyo oksijeni hiyo inadai maji kama lita 1,190. Hayo myahesabu kando na zile 4,788, msiyachanganye kwenye bango.

BintiMikindani

Nimwongezee Shangani kwenye oksijeni, maana wageni wakali watauliza haidrojeni inakwenda wapi.

Tangu 2010 kituo kimekuwa na teknolojia ya kuichanganya haidrojeni hiyo na hewa ukaa inayotoka kwenye pumzi, juu ya kichocheo chenye joto kali: CO₂ + 4H₂ → CH₄ + 2H₂O. Ni kazi ya Paul Sabatier, mkemia wa Ufaransa aliyepata Nobel mwaka 1912. Maji yanarudishwa, methani inatupwa nje. Lakini angalieni mlinganyo vizuri. Nusu ya haidrojeni inaondoka na methani, kwa hiyo hata mashine ikifanya kazi bila kosa, inarudisha nusu tu ya maji yaliyopasuliwa. Na hewa ukaa haiishi. Kwa mtu mmoja kwa siku, haidrojeni inayopatikana ni gramu 105, nayo inatosha kula gramu 578 za hewa ukaa, wakati mtu anatoa karibu kilo 1. Inayobaki inanaswa na vitanda (matabaka ya punje) vya zeolaiti, madini yanayonasa gesi, na kumwagwa nje. Vitanda hivyo navyo vilisumbua miaka mingi: punje zilisagika, vumbi lake likakwama kwenye vali.

Sasa jasi, na hapa ndipo nilipotaka kufika, kwa sababu kisa chake kinaunganisha mwili wa mtu na mtambo kuliko kitu kingine chochote mle ndani.

Jasi ni kalsiamu salfeti yenye maji. Ile ya Kilwa na ile iliyoziba mtambo ni kitu kimoja. Kalsiamu ya kule inatoka kwenye mifupa. Mifupa isipobeba uzito, mwili unaibomoa kwa kasi kuliko unavyoijenga. Bila mazoezi ya kutosha, nyonga hupoteza madini asilimia 1 hadi 1.5 kwa mwezi. Ndiyo maana kila mwanaanga anafanya mazoezi kama saa 2 kwa siku, pamoja na mashine ya kunyanyua inayotumia mitungi ya ombwe badala ya vyuma, hadi mzigo wa kilo 272. Mazoezi yanaulinda mfupa, lakini ule ubomoaji haukomi kabisa, na kalsiamu inatoka na mkojo.

Salfeti ilikuwa na mlango wake. Ipo kwenye mkojo wa kila mtu, halafu ikaongezwa. Mkojo ukiachwa, vijidudu vinageuza urea kuwa amonia, kwa hiyo choo kinautia asidi na kemikali ya kromiamu mara tu unapoingia. Asidi waliyoanza nayo ilikuwa ya salfuriki.

Mtambo wenyewe ulipanda Novemba 2008. Ndani yake kuna ngoma inayozunguka, kwa sababu bila uzito kimiminika na mvuke havitengani vyenyewe. Mkojo unatandazwa ukutani mwa ngoma, shinikizo limeshushwa ili maji yageuke mvuke bila kufika nyuzi 100, kisha mvuke unakandamizwa na kurudi kuwa maji upande wa pili wa ukuta huo huo, ukirudisha joto lake. Ulisanifiwa kutoa asilimia 85 ya maji. Mwaka 2009 ngoma ikafa, ikafunguliwa, ikakutwa na jasi.

Piga hesabu uone kwa nini. Ukitoa asilimia 85, kinachobaki ni 15, maana yake chumvi zote zimekolea mara 6.7. Ukitoa 70, zimekolea mara 3.3. Wakashusha hadi 70, baadaye kama 75, na jasi ikakaa ndani ya myeyuko bila kuganda. Dawa ya kudumu ilikuwa kuacha asidi ya salfuriki na kutumia ya fosforiki, ndipo wakarudi 85.

Wenye mashamba ya chumvi wa Lindi na Mtwara watakuelewa haraka, Mwalimu. Maji ya bahari yakipungua hadi kama robo au moja ya tano, jasi inaanza kukaa chini. Chumvi ya kula haianzi mpaka yabaki karibu moja ya kumi. Ndiyo sababu maji yanahamishwa bwawa hadi bwawa. Wale wakipita mezani, waanze na hilo.

Fundi_Maabara

Jaribio lipo, na linatosha dakika tano.

Tengenezeni kalsiamu kloraidi 1 M (mole 1 kwa lita): gramu 11.1 za ile kavu, au 14.7 kama chupa imeandikwa CaCl₂·2H₂O, ifikishwe mililita 100. Ile kavu inapata moto ikiyeyuka, iacheni ipoe. Asidi ya salfuriki 1 M: mililita 5.4 za asidi kali kwenye maji, kisha ongezeni maji hadi 100. Asidi ya fosforiki 1 M: mililita 6.8 za ile ya asilimia 85, hivyo hivyo. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, polepole, na kazi hiyo aifanye mwalimu shuleni kabla ya siku ya maonesho. Ngongo pelekeni zilizokwisha kuzimuliwa tu, pamoja na miwani ya kukinga macho.

Testitubu mbili, kila moja mililita 5 za kalsiamu kloraidi. Ya kwanza tieni mililita 5 za salfuriki. Ya pili mililita 5 za fosforiki. Wekeni karatasi nyeusi nyuma. Ya kwanza inageuka nyeupe, na ikiachwa itulie, shapo (unga usioyeyuka) linashuka. Ukilitazama kwa lenzi ya mkono utaona sindano ndogo ndogo. Hiyo ndiyo jasi iliyoua ngoma. Ya pili inabaki safi kabisa.

Sasa ile safi itieni sodiamu haidroksaidi 2 M tone kwa tone, mkitikisa, mpaka litimasi nyekundu igeuke bluu. Wingu jeupe linatokea: kalsiamu fosfeti. Hapo mgeni anaona kwamba fosforiki inasaidia pale tu myeyuko unapobaki na uchachu. Urea ikigeuka amonia, uchachu unakwisha na mtambo unaziba kwa shapo jingine.

Kinachoharibu jaribio hili mara nyingi ni mambo mawili. Myeyuko ukiwa mwepesi mno, mfano 0.01 M, hakuna kitakachoonekana, kwa sababu jasi huyeyuka kama gramu 2.4 kwa lita. Na maji ya kisima cha pwani yana kalsiamu na salfeti yake tayari; tumieni maji ya mvua au ya betri.

Kromiamu ya kule msiiguse kabisa. Ni sumu, na ndiyo sababu masalia ya mkojo kule juu yanafungwa kwa kinga zaidi ya tabaka moja.

Mwalimu_Kemia_Lindi

Ahsanteni sana, hii ya ndoo tano na simtanki tumeichukua leo leo. Nina kikwazo: asidi ya fosforiki stoo hatuna. Na swali la pili, ambalo najua litaulizwa na kila mama atakayepita: "Kwa hiyo wanakunywa mkojo?" Mwanafunzi ajibu nini?

Fundi_Maabara

Fosforiki mnaitengeneza. Kama mna disodiamu haidrojeni fosfeti, Na₂HPO₄ kavu, yeyusheni gramu 14.2 ndani ya mililita 100 za asidi ya haidrokloriki 2 M. Mtapata fosforiki na chumvi ya kawaida, na chumvi haiingilii chochote. Ikiwa chupa imeandikwa ·12H₂O, pimeni gramu 35.8.

Kwa wageni wa chumvi, chukueni lita 1 ya maji ya bahari hapo Lindi, chujeni mchanga, punguzeni kwa moto mdogo mpaka yabaki mililita 150. Chujeni tena. Unga mweupe unaobaki kwenye karatasi usuuzeni haraka kwa maji baridi kidogo, kisha tieni kwenye glasi yenye mililita 20 za maji ya mvua. Hauyeyuki wote. Pembeni, kijiko kidogo cha chumvi ya kula kwenye mililita 20 kinayeyuka chote. Msipitilize: yakifika mililita 100 chumvi inaanza kuganda na mtakuwa mmechanganya vitu viwili.

BintiMikindani

Swali la mama, mwanafunzi ajibu kwa kufuata safari ya tone moja. Mvuke uliotoka kwenye ngoma umekwisha kuacha chumvi nyuma. Maji yake yanaunganishwa na maji ya jasho na pumzi yaliyodakwa hewani, yanaondolewa hewa, yanapita chujio la chembe, kisha vitanda vinavyonasa chumvi na kemikali, kisha tanuri la kichocheo lenye joto zaidi ya nyuzi 100, ambako kemikali ndogo zilizoponyoka zinaunguzwa kwa oksijeni. Mwishoni yanatiwa iodini ya kuua vijidudu, ambayo huondolewa kabla ya mtu kunywa. Kipimo cha umeme kinayapima njiani, na yasipofaulu yanarudishwa mwanzo.

Na asije akasema mtambo haukosei. Mwaka 2010 kaboni ndani ya maji safi ilianza kupanda bila sababu kujulikana. Chanzo kilikuwa silikoni zinazotoka kwenye vitu kama mafuta ya mwili, dawa za kwapa na gundi za kuzibia: zinapanda hewani, zinadakwa pamoja na unyevu, zinageuka kemikali inayopenya vitanda vyote. Kwa hiyo mama akiuliza mkojo, mwanafunzi amjibu kwamba kule juu hata mafuta anayojipaka mtu yanahesabiwa, kwa sababu yote yanaishia kwenye glasi ya maji.