Fundi amenijengea koridoo ya futi tatu badala ya nne, sasa ananiambia "si ulisaini ramani?"

Wanajamvi, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nimetoka saiti Kiamunyi, hapa Nakuru, jioni hii, vumbi bado limo kwenye viatu. Nimepima koridoo kwa tepu mara tatu: karibu na sebule, katikati, na kule mwisho penye mlango wa bafu. Milimita 900 kote. Mimi niliagiza 1200, yaani futi nne, na niliagiza hivyo kwa sababu moja tu. Mama yangu hatembei tangu apatwe na kiharusi. Anatumia kiti cha magurudumu, na nyumba hii ni yake.

Si nyumba kubwa. Vyumba vitatu vya kulala kwenye ploti ya 50 kwa 100, koridoo inapita katikati, vyumba huku na huku. Kiti cha mama kina upana wa sentimita 66. Kwenye koridoo ya 900 kinapita ukikisukuma moja kwa moja, lakini kukigeuza kiingie mlangoni ni taabu tupu, vikanyagio vya miguu vinagonga ukuta kabla magurudumu ya nyuma hayajafika mlangoni. Hili sikulikisia. Jumamosi moja nilikipakia kwenye gari, Probox, nikakipeleka saiti, nikajaribu kukiingiza bafuni kikiwa kitupu. Kikakwama. Nikarudi nyuma, nikajaribu tena kwa upande mwingine, kikakwama. Vibarua walikuwa wananiangalia na hakuna aliyesema neno.

Fundi yeye alisema. "Bosi, mimi nimejenga ramani. Si ulisaini?"

Ndiyo, nilisaini. Karatasi sita, kila moja, pale chini kwenye kisanduku cha mwenye nyumba. Na kwa hilo neno moja, saini, huyu mtu anadhani amemaliza maneno yote. Sasa wacha niwaonyeshe hesabu, kwa sababu kesi yangu yote imelala hapo.

Karatasi ya kwanza ndiyo ramani ya sakafu. Ukiikata nyumba kwa upana unasoma hivi: ukuta wa nje 200, chumba 3600, ukuta wa ndani 150, koridoo 1200, ukuta wa ndani 150, chumba 3600, ukuta wa nje 200. Jumla 9100. Karatasi ya nne ni ya msingi, ile fundi anayoshika mkononi wakati wa kupiga profaili, zile mbao za kuonyesha kuta zitakaa wapi, na kuvuta kamba. Huko namba zote ni zile zile isipokuwa moja: koridoo imeandikwa 900. Jumlisheni wenyewe. Inakuja 8800. Lakini jumla iliyochapishwa pembeni ya karatasi hiyo hiyo ya nne bado ni 9100. Karatasi inajipinga yenyewe, na mtoto wa darasa la tano akipewa kalamu ataliona.

Sasa nyumba yangu kwa nje nimeipima. 9100 kamili, haijapungua hata kidole. Mnaona hapo? Fundi alianza na jumla ya nje, akapanga kuta za ndani kwa karatasi ya nne, akabaki na milimita 300 mkononi zisizo na kwao. Anajisifu ana miaka 19 kwenye mjengo. Sentimita 30 hazimpotei mtu wa miaka 19 bila yeye kujua. Alijua. Akazitupa kwenye chumba kikubwa cha kulala, ambacho leo kina 3900 badala ya 3600, akaendelea kupanga mawe mpaka linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Hakunipigia simu. Hakumpigia aliyechora. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu chumba changu kimeongezeka futi nzima na mtu mwingine angemshukuru.

Mama hatalala kwenye shukrani. Anataka kufika bafuni bila kubebwa na wajukuu kama gunia.

Usiku huo sikulala. Nikafungua picha za ramani kwenye simu, nikawa navuta karatasi ya nne kubwa, kona kwa kona. Pale chini kulia, juu ya muhuri, kuna maandishi madogo ambayo karibu kila ramani hapa Kenya inayo na karibu hakuna mwenye nyumba anayeyasoma. Yako kwa Kiingereza, maana yake ni hii: kontrakta athibitishe vipimo vyote saiti kabla ya kuanza kazi, afuate vipimo vilivyoandikwa wala asipime kwa rula juu ya karatasi, na tofauti yoyote aipeleke kwa msanifu kabla ya kuendelea. Na makubaliano yetu ya kurasa mbili, yaliyochapwa saiba, yanasema kazi itafanywa kwa mujibu wa michoro iliyoambatishwa. Na ile michoro iliyoambatishwa, fundi naye aliisaini. Saini yake iko chini ya yangu.

Kwa hiyo tulisaini wote. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Niliposaini nilikuwa nasema hii ndiyo nyumba ninayoitaka, vyumba hivi, milango hii. Yeye ndiye aliyesaini kama mtu anayekula kwa kusoma namba hizo, na karatasi aliyoisaini ilimwambia namba zikikataa asimame aulize. Hakusimama. Sasa anataka saini yangu ibebe na makosa yake.

Simwachi aliyechora. Yeye ndiye chanzo. Mwezi Februari nilimwandikia kwa WhatsApp, maneno yangu ni haya: "Koridoo ifanye futi nne, mama anatumia kiti cha magurudumu." Akajibu sawa mwalimu. Akabadilisha karatasi ya kwanza, akaiandika marekebisho B. Karatasi ya nne akaisahau, mpaka leo imeandikwa A. Nilipompigia hakubishana, alikiri dakika ile ile, na kwa hilo namheshimu. Tatizo ni kwamba nilikuja kugundua yeye si msanifu aliyesajiliwa. Anachora, halafu anapeleka kwa msanifu mwenye muhuri apigiwe. Muhuri ulioko kwenye ramani yangu ni wa mtu ambaye sijawahi kumwona, na sidhani yeye amewahi kujua mama yangu ana kiti cha magurudumu.

Wale mnaojenga, hapa msikilize. Wiki mbili nilikuwa narushwa kama mpira. Fundi ananituma kwa mchoraji, mchoraji ananirudisha kwa fundi, "angeniuliza." Nikaenda ofisi ya kaunti inayopitisha ramani nikaambiwa wao huangalia mambo kama mipaka, matumizi ya ardhi na uthabiti wa jengo, upana wa koridoo ya nyumba yangu ni kati yangu na niliowaajiri. Kilichovunja mzunguko huo ni pale nilipoacha kuwapigia wote wawili nikamwandikia mwenye muhuri. Barua ya ukurasa mmoja, nikaambatisha karatasi ya kwanza na ya nne, namba nimezizungushia kwa kalamu nyekundu, na nikamwambia kwa heshima kwamba nakala ya pili itakwenda kwa bodi inayosajili wasanifu majengo. Alinipigia kesho yake asubuhi kabla sijaingia darasani. Siku tatu baadaye nikapata karatasi ya nne mpya, marekebisho B, na barua aliyoisaini akisema kosa la mchoro lipo, na kwamba halikuletwa kwao kabla ya ujenzi kama maelezo ya ramani yanavyotaka.

Hiyo barua ndiyo silaha yangu kubwa.

Nikamlipa injinia wa kujitegemea 8,000 aje saiti. Nilikuwa nataka kujua kama ukuta unaweza kusogezwa tu. Fundi alikuwa ameshajitolea "kuusukuma" wikendi moja, abomoe na apange mawe mapya juu ya slabu, yaani sakafu ya zege, pale pale. Injinia akasema hapana. Ukuta wa ndani wa mawe una msingi wake chini ya slabu, ukiusogeza sentimita 30 unauondoa juu ya mkanda wake wa zege, unabaki umekalia slabu ambayo haikumwagwa kubeba ukuta. Na ardhi yetu wenyewe mnaijua. Nakuru tumekalia udongo wa volkeno, kuna mitaa hapa ardhi imewahi kufunguka mvua ikizidi. Siwezi kuweka ukuta wa mawe wa mita saba juu ya kubahatisha halafu nimlaze mzazi wangu chini yake. Njia sahihi ni kubomoa ukuta, kukata slabu, kuchimba, kumwaga msingi mpya, kupanga upya na kuweka linta upya kipande hicho. Makadirio yake: 185,000.

Tukaitana saiti, mimi, fundi, mchoraji na injinia. Mchoraji akakubali kutoa 60,000, akatoa 20,000 pale pale kwa M-Pesa na kuandikia zilizobaki. Zikabaki 125,000. Sasa fundi ananidai awamu ya linta, 240,000, na hiyo sikatai, mawe amepanga. Nikamwambia toa 125,000 kwenye hizo, nikupe 115,000 leo, tusaini, uendelee mpaka paa. Akasema hatalipa hata senti. Akaita vibarua wake, akapakia mashine ya kuchanganyia zege, akaondoka. Nyumba imesimama wazi bila paa, na mvua ndiyo hii inaingia.

Halafu akanitumia ujumbe kwamba atanipeleka polisi kwa kukataa kumlipa. Akaenda kweli. Nikaitwa kituoni, nikaeleza, afisa akasoma makubaliano akatuambia wote wawili hili ni dai la kawaida, si jinai, twende mahakamani au tupatane.

Basi nitakwenda. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60, na unaweza kujitetea bila wakili. Dai langu linaingia humo mara kadhaa. Yeye naye anaweza kuleta dai lake la linta humo humo, sawa kabisa, tupigiwe hesabu zote mbili mbele ya hakimu. Nimeshachapisha mazungumzo yetu ya WhatsApp, na mwenzangu anayefanya kazi kwa wakili ameniambia niyaambatanishe na cheti cha ushahidi wa kielektroniki kile cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, fundi asije akasema nimeyatunga. Nina picha za kila hatua, na nzuri kuliko zote ni ile ya profaili, siku ya kuvuta kamba. Ukiikuza unaona vipimo alivyoviandika kwa penseli kwenye mbao. Chumba kimoja kimeandikwa 3900. Mkono ni wake. Siku ya kwanza, kabla jembe halijagusa udongo, alikuwa ameshajua.

Hapo ndipo hasira yangu inapotoka. Makosa ya mchoro hutokea, binadamu anachoka, anasahau karatasi. Lakini huyu alisimama pale na penseli mkononi, akaona namba zinakataa, akaandika anayoitaka yeye.

Na jambo jingine, cheti chake cha Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Alinionyesha cha daraja la 8 siku ya kuandikiana, nikakiangalia jina, tarehe sikuiangalia. Leseni ile huhuishwa kila mwaka na yake ilikuwa imeisha. Malalamiko nimeshayaandika, na huko yataenda.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Nimesoma majibu. Ndugu aliyesema "ulisaini, kubali hasara, funza wengine," nimekuelewa lakini sikubali. Ingekuwa karatasi zote sita zinasema 900 na mimi nikasaini, ningenyamaza na kulipa mwenyewe. Hapa karatasi mbili zinapingana na moja inajipinga, na aliyekuwa na wajibu wa kuuliza ameandikwa kwa jina la kazi yake. Dada aliyeuliza kwa nini nisimwache mama atumie chumba kikubwa: mlango wake unafunguka kwenye koridoo ile ile. Na aliyesema niongeze upana wa milango pekee, injinia alilitazama hilo. Lingesaidia kuingia vyumbani, bafuni bado anakwama kwa sababu mlango uko kwenye kona.

Mzee wa Lanet aliyesema nimpe siku 14 kwa maandishi kabla ya kufungua kesi, asante sana mzee wangu. Barua nimeiandika usiku huu, ina kiasi ninachodai, imeeleza hesabu ya 9100 na 8800, na ofa ya 115,000 nimeiacha wazi mpaka siku ya mwisho. Kesho saa nne nampelekea mkononi pamoja na shahidi, na nakala naituma kwa posta ya rejista.

Kwa sasa mama yuko kwa dada yangu Free Area, ghorofa ya chini, na kila Jumapili ananiuliza paa limefika wapi. Natafuta mtu wa kubomoa ukuta wa mawe wa ndani bila kutikisa kuta za pembeni, aliyefanya kazi hiyo Kiamunyi au Ngata na anayeweza kunionyesha alipoifanya. Mwenye kumjua aniandikie inbox.